Mdomo wa bomba la majitaka umebaki wazi sakafuni: saruji, plagi ya mpira au kifuniko cha kuzungusha?

Kwenye nyumba nyingi za mijini kuna tundu moja la inchi 4 ambalo hakuna anayejua kazi yake mpaka siku lianze kunuka. Liko pembeni ya korido, chini ya sinki la jikoni, nyuma ya mlango wa stoo, au kwenye kona ya bafu lililogeuzwa chumba cha kulala. Huo ndio mdomo wa kuzibulia: mahali fundi bomba anapopitishia waya au fito zake choo kikiziba. Zamani ulikuwa na kifuniko. Fundi marumaru akakivunja, au kilikuwa cha shaba kikaishia kwenye mzani wa vyuma chakavu, au nyumba ilikabidhiwa bila hicho kifuniko tangu mwanzo. Sasa umesokomezwa tambara na kufunikwa kwa kipande cha zulia.

Ukienda duka la vifaa vya ujenzi kuuliza cha kuzibia, kila muuzaji ana jibu lake, na hakuna hata mmoja aliyeiona sakafu yako. Msimamo wangu nautaja mapema ili ujue napimia nini: mdomo huu lazima uzibwe usipitishe hata hewa, na lazima ubaki unafunguka. Kifaa kinachotimiza sharti moja na kukosa la pili sikipendekezi, hata kiwe rahisi namna gani.

Kabla ya kununua chochote

Hakikisha kwanza kwamba tundu hilo ni mdomo wa kuzibulia kweli. Vaa glavu, toa takataka zilizosokomezwa kwa kuzivuta juu (usizisukume ndani), kisha mulika kwa tochi. Tochi, si kiberiti wala mshumaa. Mwombe mtu avute maji ya choo. Ukiyaona au kuyasikia maji yakipita chini, hilo ni bomba lililo hai na maelezo yote yanayofuata yanakuhusu.

Ukiona maji yametuama karibu na juu, hayaendi popote, huo ni mtego wa maji wa sakafuni uliopoteza wavu wake. Usiuzibe. Unahitaji wavu mpya, na unahitaji kumwagiwa maji mara kwa mara, kwa sababu yale maji yaliyotuama, kwa kawaida kina cha milimita 50 au zaidi, ndiyo yanayozuia hewa chafu isipande. Na ukikuta pakavu kabisa, pana utando wa buibui, na hakuna kinachotikisika hata vyoo vyote vikivutwa, kuna uwezekano ni tawi lililokufa la choo kilichohamishwa. Hilo lina dawa yake, nitalifikia.

Chukua na vipimo. Bomba la PVC la inchi 4 linalouzwa kwetu kwa kawaida lina kipenyo cha nje cha milimita 110. Kama ukuta wake una unene wa milimita 3.2, ndani hubaki milimita 103.6. Pima ndani kwa rula mara mbili, ya pili ukikatiza ya kwanza. Bomba lililobanwa na zege wakati wa kumwaga sakafu mara nyingi limekuwa na umbo la yai kidogo, na tofauti ya milimita chache kati ya vipimo hivyo viwili inaweza kuamua utanunua nini. Andika vipimo kwenye simu uende navyo dukani, kwa sababu "inchi 4" kwenye lebo ya kifuniko haimaanishi kitu kilekile kwa kila kiwanda.

Kwa nini usiliache hivyo hivyo

Harufu ndiyo inayoleta malalamiko, lakini ni sehemu ndogo ya tatizo. Majitaka yanayooza hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Pua ya binadamu huinusa ikiwa kidogo mno, hata chini ya sehemu moja katika milioni, na hilo ni jema. Ubaya wake ni kwamba ikizidi, kufikia kama sehemu 100 katika milioni, huua uwezo wa kunusa, na mtu hudhani hewa imekuwa safi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala chini, usawa wa mtoto anayetambaa. Pamoja nayo hutoka methani, ambayo ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inaweza kuwaka. Katika chumba chenye madirisha ni nadra gesi hizi kufikia viwango vya kudhuru ghafla. Stoo iliyofungwa siku nzima ni jambo jingine, na ndiyo sababu nimekataza kiberiti.

Kuna mende wekundu wakubwa, makazi yao ni humo kwenye mabomba na chemba (mashimo ya nje ya kukagulia bomba). Na kuna mbu. Mbu aina ya kuleksi hupenda kuzaliana kwenye mashimo ya vyoo na septiki zenye maji, na kwenye pwani yetu ndiye anayeeneza minyoo ya matende na mabusha. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembechembe za polistirini (plastiki nyepesi) zinazoelea juu ya maji ya mashimo ya vyoo ili mbu wasiweze kutaga wala viluwiluwi kuvuta hewa, huku wakazi wakipewa dawa ya minyoo, na mbu walipungua sana. Septiki yako ikiwa inazalisha mbu, mdomo ulio wazi ndani ya nyumba unawafungulia njia ya kufika kitandani bila kupita dirishani penye wavu.

Saruji

Naianza kwa sababu ndiyo inayochaguliwa zaidi na ndiyo mbaya kuliko zote. Inaonekana ya maana: ni rahisi, iko kila mahali, ikikauka sakafu inakuwa sawa na unaweka marumaru juu. Lakini saruji husinyaa inapokauka, na haishikani na PVC iliyo laini. Kati ya kizibo cha saruji na ukuta wa bomba hubaki ufa mwembamba kama unywele, na ufa huo unatosha kupitisha gesi. Pili, ili saruji isidumbukie, fundi huanza kwa kusokomeza gazeti, tambara au mfuko wa saruji. Karatasi huloa, huoza, hudondoka, na siku moja kipande cha juu hufuata. Tofali la zege lililokwama ndani ya bomba halitoki kwa waya wala kwa maji ya presha.

Hata ikishika vizuri, umelipoteza tundu. Bomba likiziba katikati ya chumba na chemba ya nje iko mbali, fundi hatakuwa na njia nyingine zaidi ya tindo na nyundo, na hatajua aanzie marumaru ipi.

Povu la kunyunyizia liko kundi hilohilo. Huvimba kuelekea chini kama linavyovimba kuelekea juu, na linaweza kupunguza njia ya maji kwenye bomba. Silikoni peke yake haiwezi kukatiza tundu la sentimita 10. Kazi yake ni kwenye kingo za vitu vingine.

Plagi ya mpira dhidi ya kifuniko cha kuzungusha

Hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli, na vyote viwili ni vizuri vikiwekwa mahali pake.

Plagi ya mpira ni duara la mpira mnene lililobanwa kati ya sahani mbili, na boliti katikati. Unaidumbukiza ndani ya bomba ikiwa imelegea, kisha unakaza nati, mara nyingi ile yenye masikio mawili ya kushikia kwa vidole. Sahani zinakaribiana, mpira unakosa pa kwenda, unafura pembeni na kubana ukuta wa bomba pande zote. Haihitaji meno ya kuzungushia, haihitaji gundi, haihitaji kuvunja hata kigae kimoja. Kama bomba lilikatwa usawa wa sakafu na halina hesi, yaani hayo meno ya kuzungushia, au hesi zake zimeliwa, hii ndiyo njia fupi. Na bomba lililo la yai kidogo hulisamehe, kwa kuwa mpira hufuata umbo unalolikuta.

Kifuniko cha kuzungusha ni vipande viwili. Kimoja kina hesi kwa ndani na hugundishwa kwenye bomba. Cha pili ni kifuniko chenyewe, chenye pete ya mpira, kinachozungushwa mpaka pete ibanwe. Hiki ndicho nyumba ilipaswa kuwa nacho tangu mwanzo. Kikikaa vizuri hakikumbukwi tena mpaka siku ya kuzibua. Ila kukiweka kunahitaji kazi: lazima uchonge sakafu kuzunguka bomba, kiasi cha vidole vitatu kila upande, ili upate ukuta wa nje ulio safi wa kugundishia. Bomba lipigwe msasa, lifutwe, likauke kabisa, gundi ipakwe pande zote mbili, kipande kisukumwe huku kikizungushwa robo duara, kishikiliwe kama nusu dakika kisirudi. Wakati huo wote hakuna mtu nyumbani anayevuta choo wala kumwaga maji ya kufulia. Bomba lisipokuwa duara, kipande hakiingii, au kinaingia kwa kulazimishwa na kupasuka baadaye.

Linganisha kwa nguvu inayosukuma kutoka chini, jambo ambalo wauzaji hawaliulizi kabisa. Maji yakisimama ndani ya bomba kwa kimo cha mita 1 juu ya kifuniko, husukuma kifuniko chenye kipenyo cha milimita 100 kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa karibu kilo 8. Mita 3, yaani kama kimo cha ghorofa moja, ni karibu kilo 24.

Kwenye nyumba ya chini tu, hali hiyo haitokei kirahisi. Bomba likiziba, maji yatatokea kwanza kwenye tundu la bafu au yatajaa kwenye choo kabla hayajapata kimo cha kusukuma plagi kwa nguvu. Plagi ya mpira iliyokazwa vizuri inatosha. Lakini ikiwa unakaa chini ya ghorofa, na bomba lililoko sakafuni kwako linabeba vyoo vya wa juu pekee, wenzako wataendelea kuvuta maji bila kujua kwamba chini kumeziba, na kimo kitapanda bomba zima. Hapo sitaki plagi inayoshikilia kwa msuguano wa mpira peke yake. Hapo nataka hesi.

Uimara wa baadaye nao unatofautiana. Mpira hulegea taratibu baada ya kubanwa, kwa hiyo plagi inahitaji kukazwa tena siku chache baada ya kuwekwa, na kuangaliwa kila unapofanya usafi mkubwa. Boliti ya chuma cha kawaida hushika kutu kwa mvuke wa majitaka, na nati ikigandamana utaikata kwa msumeno. Tafuta yenye boliti ya shaba, stenlesi au plastiki ngumu. Kaza kwa vidole, kisha shika plagi ujaribu kuizungusha. Isipozunguka, acha. Anayekaza kwa spana ndefu hupasua ukuta wa bomba, na ufa ulio ndani ya zege hauzibiki kwa plagi ya aina yoyote.

Kwenye kifuniko cha kuzungusha, sehemu inayochoka ni pete, na pete hubadilishwa kwa bei ndogo. Ipake maji ya sabuni kabla ya kufunga. Mafuta ya kujipaka ya mgando yanaharibu aina nyingi za mpira, hata kama siku ya kwanza yanarahisisha kuzungusha. Kama kifuniko chako hakina pete bali hesi tupu, viringisha utepe mweupe wa bomba kwenye meno kufuata upande wa kufungia. Usipake gundi kwenye hesi, hata ukishauriwa.

Nyumba za zamani zenye mabomba ya chuma zina tabia yake. Ndani ya mdomo kuna magamba ya kutu, na plagi ya mpira ikikaa juu ya magamba hupitisha hewa. Sugua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma chenyewe, ukikinga magamba yasidondoke bombani. Ukikuta hesi za zamani bado ziko salama, kifuniko cha plastiki cha kipimo hicho ni bora kuliko cha chuma, kwa sababu hakigandamani nacho.

Bomba linapojitokeza juu ya sakafu

Kwenye stoo, chini ya ngazi au kwenye korido ya nyuma, wakati mwingine bomba limeachwa limesimama sentimita kadhaa juu ya sakafu. Hapo una chaguo mbili za ziada.

Kofia ya mpira inayovalishwa kwa nje na kubanwa kwa klipu ya chuma, kama zile za mipira ya rejeta ya gari, ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sehemu hii. Inawekwa kwa bisibisi tu, inatolewa kwa bisibisi, na haijali bomba kuwa na mikwaruzo midogo. Haifai mahali ambapo watu wanapita, maana itapigwa mateke mpaka ilegee.

Kofia ya PVC ya kugundisha ni ya kudumu kweli, na hapo ndipo sifa na kasoro yake zinapokutana. Ikishagandana, kuifungua ni kukata bomba. Inafaa sana kwa lile tawi lililokufa nililolitaja mwanzoni, choo kilichohamishwa na hakitarudi. Kwa bomba lililo hai nairuhusu kwa sharti moja tu: kuwe na chemba au mdomo mwingine wa kuzibulia kwenye njia hiyohiyo, na fundi awe ameufungua mbele yako na kuthibitisha kwamba fito zinafika.

Kitu cha leo usiku

Kama duka limefungwa na chumba kinanuka, tandaza nailoni nene juu ya mdomo, ivuke kingo kwa upana wa kiganja, kisha weka juu yake mfuko wenye mchanga mbichi, uliofungwa vizuri na mkubwa kuliko tundu ili usiweze kudumbukia. Mchanga utajaza mabonde ya sakafu. Fungua madirisha. Usisokomeze tambara, soksi wala chupa ndani ya bomba, hata kwa usiku mmoja.

Majitaka yakipanda

Kuna anayetafuta plagi kwa sababu maji machafu yanamtokea sakafuni. Kwake hakuna plagi nitakayoipendekeza kwanza. Ukiziba mdomo huu, maji yaleyale yatatokea bafuni. Sikiliza choo: kikitoa sauti ya kubwabwaja pale mashine ya kufulia inapomwaga maji, njia ya mbele imeziba au septiki imejaa. Wakati wa masika, kwenye maeneo ya chini kama bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ardhi hujaa maji na shimo la kunyonya halinyonyi tena, hata kama septiki ilinyonywa karibuni. Ita gari la majitaka au fundi wa kuzibua, kisha ndipo uzibe.

Vali ya kuzuia maji kurudi huuzwa kama dawa ya hili, na inasaidia pale nyumba ilipounganishwa na bomba la majitaka la mji, ambapo maji yanayorudi ni ya watu wengine. Kwa mwenye septiki yake mwenyewe haina maana kubwa: vali ikijifunga, maji yako hayana pa kutokea.

Ningechagua nini

Mpangaji anayekaa nyumba ya chini achukue plagi ya mpira, kwa kuwa haigusi sakafu ya mwenye nyumba na inawekwa mchana mmoja. Mwenye nyumba anayebadilisha marumaru asiache nafasi hiyo ipite. Sakafu imeshavunjwa, kwa hiyo gharama kubwa ya kifuniko cha kuzungusha imeshalipwa. Kukiwa na ghorofa juu, kifuniko cha kuzungusha bila mjadala, hata kama ni lazima uchonge.

Vyote viwili vikae chini kidogo ya usawa wa sakafu ili mtu asijikwae, kisha vifunikwe kwa sahani ya stenlesi yenye skrubu, au kipande cha marumaru kilichokalishwa kwa silikoni pekee, bila saruji nyeupe, ili siku ya kazi kisu kitoshe kukitoa. Atakayefungua baadaye asimame pembeni, alegeze polepole, na awaambie wa juu wasivute maji. Mtu akiwa amemimina dawa kali ya kuzibulia, fundi aambiwe kabla hajaingiza mkono.

Kabla hujaweka hiyo sahani, fanya jaribio. Funika plagi au kifuniko kwa bakuli lililogeuzwa, liache usiku kucha, asubuhi liinue na unuse ndani yake papo hapo. Likinuka, kaza tena au angalia pete. Bakuli likiwa halina harufu na chumba bado kinanuka, basi hewa inaingilia kwingine: mwaga ndoo ya maji kwenye tundu la bafu lisilotumika, kagua bomba lililo chini ya sinki, na angalia kama choo kinacheza pale kinapokutana na sakafu.